Mistari ya Chaki

Saa tatu kamili asubuhi nilimwamsha mtoto ili nipime anavyolala.

Nilimfunua blanketi, nikamgusa nyayo, akashtuka. Mikono yote miwili iliruka juu, kisha kikaja kilio, chembamba na kirefu, kilio ambacho watoto wengine hawana. Nikatazama saa yangu iliyobanwa kifuani, nikavuta fomu, nikaanza kujaza. Kilio kikali, mbili. Kutetemeka anapoguswa, mbili. Chafya, moja. Kunyonya ngumi kwa pupa, moja. Amelala chini ya saa moja tangu aliponyonya, tatu. Jumla tisa. Nikatia sahihi yangu, nzuri, ya mviringo, na muda hadi dakika.

Mama yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu haigusi sakafu. Alikuwa na siku nne tangu ajifungue na bado alikaa upande upande kwa sababu ya mgongo.

"Ndo kwanza alikuwa amelala, sista," alisema.

"Najua, mama. Lakini ni saa tatu."

Nilimjibu kwa upole kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, ule upole wangu.

Wodini waliniita Saa. Si kwa kejeli tu, walinitegemea. Tangu niajiriwe sikuwahi kuchelewa zamu, dozi wala chai. Sina makalio ya kukaa. Nikiketi dakika tano miguu inaniwasha, nitainuka ninyooshe shuka ambalo limeshanyooshwa. Mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba siku nikifa nitafika makaburini kabla ya jeneza, na wageni wakicheka mimi nilikuwa nishaanza kutoa vikombe mezani kabla hawajamaliza kunywa.

Kwa hiyo waraka wa wizara ulipokuja, mimi niliupokea kama barua yangu binafsi.

Ulikuja mwaka ule ambao tulichoka kuhesabu watoto. Walizaliwa wakubwa, wazuri, na kesho yake wakaanza kutetemeka. Watu wa nje walidhani mama zao ni wale wa vichochoroni. Wengi wao walikuwa walimu, makarani, wauza duka, wanawake waliopewa vidonge vya maumivu na daktari mwenye koti jeupe, kwa cheti chenye muhuri. Dozi ya wiki mbili ikawa miezi sita, miezi sita ikawa miaka. Mimba ikiingia kidonge kimeshakuwa sehemu ya mwili, na mtoto anakizoea tumboni. Kitovu kikikatwa, dawa inakatwa palepale. Kile ambacho mtaani wanakiita arosto, mtoto wa siku mbili anakipata bila kujua hata jina lake.

Zamani kila muuguzi alifanya alivyojua. Mwingine aliwapa maji ya sukari, mwingine aliwabeba tu, mwingine alifunga mlango. Waraka ukaleta utaratibu. Mama asikamatwe wala asitukanwe, apewe matibabu yake ya kuacha vidonge taratibu. Mtoto apimwe kila baada ya saa tatu kwa fomu ya alama. Akipata nane au zaidi mara tatu mfululizo, kikao cha watu watatu kikae kesho yake hapohapo alipo mtoto, na kiamue: abaki na mama, au ahamishiwe chumba cha dawa ghorofa ya juu ambako mama haingii, na kutoka huko apelekwe kwenye familia ya malezi mpaka mama apone. Ulikuwa waraka mzuri. Ninasema hivyo kwa sababu nimewasikia watu wakiilaumu serikali kwa yaliyotokea. Safari ile serikali ilijitahidi. Tatizo lilikuwa kwangu, nami nilikuwa nafanya kazi kwa bidii kuliko wote.

Yule mama alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha sare. Aliteleza kwenye ngazi akiwa amebeba jora la kitambaa, akaumia mgongo, akapewa cheti. Alituambia yote mwenyewe siku ya kwanza, kidonge kwa kidonge, bila kulia. Alikuwa ameshaingia kwenye matibabu tangu mimba ya miezi mitano na hakukosa hata siku moja. Mumewe, dereva wa lori, alikuja mchana na kukaa kwenye benchi la korido na kofia yake magotini, kwa sababu alisema chumba ni kidogo na yeye ana miguu mingi. Huyo ndiye aliyenichekesha wiki ile.

Saa sita kamili nikarudi. Mtoto amelala. Nikamwamsha. Nane.

Saa tisa kamili nikarudi. Amelala. Nikamwamsha. Tisa.

Fundi aliisoma jumla kwa macho, kinyumenyume, fomu ikiwa mkononi mwangu. Alijua kuhesabu kuliko mimi, kazi yake yote ilikuwa inchi na robo inchi.

"Hiyo ni ya tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watamchukua."

"Kikao ndicho kitakachoamua, mama. Usijitie presha."

Kisha akamlaza mtoto kifuani, akampigapiga mgongoni, na yule mtoto akalia saa nzima na nusu. Nilimsikia nikiwa kwenye meza ya wauguzi, nikijaza fomu ya kumwita afisa wa ustawi wa jamii. Hati yangu haikutetemeka.

Kabla ya kutoka zamu, saa kumi na moja kasorobo, nilipita na kitambaa chenye dawa kufuta vitanda. Haikuwa kazi yangu. Nimeshasema, sina makalio ya kukaa. Nilipofika kwa fundi, mtoto alikuwa ananyonya. Upande wa kichwani, kwenye bati la kitanda lililopakwa rangi ya krimu, kulikuwa na mistari ya chaki ya bluu, ile chaki bapa ya mafundi. Mistari mingi, mmoja chini ya mwingine, imenyooka kana kwamba imepigwa kwa rula. Nikakasirika. Kitanda cha hospitali, mtu anachora!

Nikafuta. Nilifuta kwa nguvu, kutoka juu kushuka, na rangi ya bluu ikaingia kwenye kitambaa.

"Sista," alisema, "hiyo ni kazi."

"Kazi gani ya kuchora kitanda?"

"Napima usingizi wake. Akilala naanza mstari, nusu saa ni inchi moja. Akiamka nakata." Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni, nilikuwa nimeiona tangu siku ya kwanza nikadhani ni mazoea tu. "Fomu yako naiona ina tatu kila mara kwenye usingizi. Nikasema labda sielewi kuangalia saa, wacha nipime kwa ninachokijua."

Ilikuwa imebaki mistari sita hivi chini. Ya juu yake nilikuwa nimeshaifuta yote.

"Hii mirefu ni ya usiku," akasema, akionyesha kwa kidevu kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto. "Inchi nne, inchi tano. Hii mitatu ya chini ni ya leo."

Mitatu ya chini ilikuwa na inchi moja, moja na robo, moja. Yote iliishia kwa kikato kimoja kikali. Ile ya usiku ilififia mwishoni, kwa sababu mtoto anapoamka mwenyewe anageuka kwanza, anajinyoosha, na mama hana uhakika akate wapi.

Sikuelewa mara moja. Nataka niseme ukweli huo, kwa sababu katika kusimulia mtu hujipendelea. Nilisimama na kitambaa mkononi nikiwaza kwamba wauguzi wa usiku ni wavivu. Nilikuwa nimewashtaki kwa matroni wiki mbili nyuma, kwamba alama zao ni za chini mno, tano, nne, tano, na kwamba muda wao haulingani. Mara saa saba na dakika ishirini, mara saa tisa kasoro dakika tano. Niliamini kwamba wanakaa kitako wanapiga soga, kisha wanajaza fomu kwa kubuni. Kumbe walikuwa wanasubiri mtoto aamke.

Nami nikimwamsha saa tatu, analia mpaka saa nne na nusu au zaidi. Akichoka ananyonya. Akishiba analala, saa tano na nusu. Saa sita huyu hapa nimefika, na kalamu. Nikampa alama tatu kwa kulala nusu saa. Halafu kwa kuwa nimemkatisha, anatetemeka na kulia, nampa na hizo.

Nikakaa. Nilikaa kitandani kwake, jambo ambalo nimewagombeza wanafunzi wangapi kwa kulifanya.

"Umeona?" fundi akauliza.

"Nimeona."

"Basi uwaambie kesho. Mimi wakinisikia watasema ni mama wa vidonge anajitetea."

Nilikwenda nyumbani. Mume wangu alinitazama nikizunguka kutoka jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni, akauliza nani kanikanyaga. Nikamweleza. Hakunitania. Alisema tu, "Na wale wa kabla yake je?" Nikamwambia anyamaze. Nilimpenda sana mume wangu, lakini jioni ile nilimwambia anyamaze, tena kwa ukali, kwa sababu swali hilo lilikuwa limeshanifikia njiani na nilikuwa nimelifungia nje.

Asubuhi niliwahi kama kawaida. Fundi alikuwa amevaa gauni safi na amesuka nywele, kwa mkono mmoja tu, alivyoweza. Mtoto alikuwa amenyonya, akalala ilipogonga saa mbili na nusu. Wasafishaji wa alfajiri walikuwa wamefuta mistari iliyobaki, na kwenye bati la kitanda kulikuwa na mstari mmoja tu mpya, mfupi, haujakatwa.

Kikao kiliingia saa tatu kasoro dakika tatu. Matroni, ambaye alikuwa akinitolea mfano kila mkutano. Afisa ustawi, mwanamume mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye sijawahi kumwona akitumia zaidi ya moja. Na mwenyekiti, mama mmoja kutoka wizarani, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye tuliambiwa ni mmoja wa walioandika ule waraka. Viti vitatu vya plastiki vikapangwa. Dereva wa lori alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Daktari ameshaandika dawa," mwenyekiti alisema, akifungua faili. "Inabaki sahihi yetu. Lakini waraka unatutaka tumwone mtoto akipimwa. Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu," akasema matroni, na kunigeukia akitabasamu. "Huyu hakosi hata sekunde."

Wote wakanitazama. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kuelekea blanketini. Miaka kumi na tisa ya kazi, mkono unakwenda wenyewe. Fundi aliukamata ukingo wa kitanda kwa vidole vyake vyenye bluu kwenye kucha.

"Amelala," nikasema.

"Tunaona," mwenyekiti akajibu.

"Sitampima akiwa amelala. Nimekuwa nikifanya hivyo na ni makosa. Alama za jana ni zangu, si zake. Nilimwamsha mara zote tatu, kisha nikamwandikia kwamba halali."

Matroni aliacha kutabasamu. Afisa ustawi akafungua kalamu, akaifunga. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini nilijikaza kisabuni, nikaendelea. Nilieleza habari ya usiku na mchana, saa ya kunyonya na saa yangu. Nilisema hata kuhusu mistari na kwamba niliifuta. Nilipomaliza mwenyekiti alivua miwani.

"Sista, ushahidi uko wapi?"

"Niliufuta."

"Sasa unataka tufanyeje?"

"Tusubiri aamke mwenyewe. Akiamka nitampima mbele yenu. Akipata nane, nitampandisha ghorofani mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Fundi aligeuka kunitazama niliposema hivyo. Hakuwa amenituma niseme hilo.

"Nina vikao vingine viwili leo," mwenyekiti akasema. Akatazama mtoto. Akatazama ule mstari mmoja wa bluu. Kisha akarudisha miwani usoni na kuweka faili sakafuni. "Haya. Tusubiri."

Sijui kama umewahi kuwaona watu wa serikali wakimsubiri mtoto alale mpaka atosheke. Robo saa ya kwanza walikuwa na heshima zao. Baada ya hapo kiti cha afisa ustawi kikaanza kulia kila akipumua. Matroni alitoka, akarudi, akatoka. Simu ya mwenyekiti ilitetemeka mfukoni mwake na yeye akaifinya kama anayeua mdudu. Nje kigari cha chai kilipita kikigongagonga, dereva wa lori akakikimbilia kwa ncha za vidole, jitu zima lile, akamwashiria mhudumu akibebe. Mimi niliambiwa nikae, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na kwa kuwa mikono ilikuwa inataka kushika kitu nikaikalia. Saa nne. Saa nne na robo. Kila dakika iliyopita niliifurahia na kuiogopa, kwa sababu kila dakika aliyolala ilikuwa inamwokoa yeye na kunishtaki mimi. Fundi alikuwa akivuta mstari wake kidogo kidogo, chaki haitoi sauti.

Saa nne na dakika arobaini mtoto alikunja uso. Akageuza kichwa. Akapiga chafya moja, mbili, tatu, nne, na afisa ustawi bila kufikiri akamtakia afya. Kisha mtoto akafungua macho, hakulia.

Niliosha mikono. Maji yalikuwa ya baridi, nikavipasha viganja kwanza. Nikampima kila kitu, polepole, kwa sauti, mwenyekiti akifuatilia kwenye fomu yake mwenyewe. Alitetemeka nilipomgusa, nikasema mbili. Chafya, moja. Ngozi yenye mabaka, moja. Usingizi, zaidi ya saa mbili lakini hazijafika tatu, moja. Nilitamani kumpunguzia hata hiyo moja. Sikumpunguzia.

"Tano," nikasema.

"Tano," mwenyekiti akasema.

Fundi alikata mstari wake. Akalala chali kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mgongo ukiuma au usiume, na machozi yakamwingia masikioni. Mumewe alivaa kofia, akaivua, akaivaa. Mtoto akabaki na mama. Wiki tatu baadaye walitoka kwa mlango wa mbele. Fundi alinipa mkono bila kuniambia asante, na nilishukuru kwamba hakusema.

Matroni aliniandikia barua ya onyo, nami nilistahili. Waraka ulirekebishwa kabla ya mwaka kuisha. Ukurasa wa pili, mstari wa saba, unasema mtoto aliyelala asiamshwe kwa ajili ya kupimwa. Hakuna jina la mtu pale. Wanafunzi huukariri wakidhani jambo hilo lilikuwa wazi tangu mwanzo.

Lakini mume wangu alikuwa ameuliza swali.

Niliomba faili za nyuma. Walinikatalia, nikaomba tena, mpaka mwenyekiti mwenyewe akapiga simu. Tangu waraka uanze nilikuwa nimepima watoto kumi na saba. Niliketi na afisa ustawi siku nne katika stoo ya karatasi, fomu za kunyonya upande huu, fomu zangu upande ule, na kazi ilikuwa rahisi mno kwa sababu nilikuwa nimeandika kila kitu hadi dakika. Kumi na mmoja walihitaji dawa kweli. Wanne alama zao zilishuka tulipozihesabu upya, ila vikao vilikuwa vimewaacha na mama zao hata hivyo. Wawili, ambao nao hawakuhitaji dawa, walikuwa wamepelekwa kwenye malezi kwa mkono wangu.

Mmoja alirudishwa kwa mama yake akiwa na miezi saba. Nilikwenda naye kwenye gari la ustawi. Mama yule alimpokea, akafunga mlango kabla sijafungua mdomo, na alikuwa na haki yake.

Mwingine, wa kike, mama yake alikuwa ameshahama. Chumba alichopanga tulikikuta na mpangaji mpya, kiwanja cha mbele kimefagiliwa. Jirani alisema aliondoka mwezi ule ule alipochukuliwa mtoto, na begi moja. Familia iliyomlea ilimpenda, ikaomba kumchukua moja kwa moja, sheria ikawapa. Afisa ustawi alimtafuta yule mama miaka mingi. Amestaafu sasa kama mimi, lakini hunipigia simu mara moja moja. Nikiona namba yake nasimama kwanza, simu siipokei nikiwa nimekaa. "Bado," husema. Kisha tunaulizana habari za magoti.

Yule binti ana miaka ishirini na miwili. Najua siku yake ya kuzaliwa, uzito wake, na dakika nilizomwamsha.

Mchana wa leo binti yangu alinipitishia mjukuu, wa wiki tano, akaenda kujilaza chumbani. Mtoto alilala mapajani mwangu. Nilitulia, mikono nimeikalia, ile miguu ikiniwasha sana. Binti yangu akatoka akipiga miayo, nywele upande, akasimama juu yetu.

"Mama, si muda wake wa kunyonya umefika? Amelala tangu saa ngapi?"

Nilijua hadi dakika.

"Sijui," nikamwambia. "Mwache."